Sura ya Sita: Midomo ya Ladyclough

Jibu la maabara ya Manchester lilifika Alhamisi asubuhi, na halikumfurahisha mtu yeyote isipokuwa mzee Amos. Pamba iliyopitishwa kooni mwake ilikuwa safi. Mzee huyu alikuwa amechemsha maji ya chai ya kiwanda cha Ladyclough kwa miaka ishirini na miwili, na kwa wiki nzima mji wa Thornclough ulikuwa unamkwepa barabarani. Sasa karatasi ilisema hana dondakoo, hata chembe.

"Basi si maji ya chai," alisema Daktari Strachan. Akaigeuza karatasi, labda upande wa pili kulikuwa na habari nzuri zaidi. Hakukuwa na kitu.

"Nilikuambia, Daktari," alisema Selina Duerden.

"Uliniambia Amos ni mtu mwema. Wema si ushahidi."

Strachan, mganga mkuu wa mji, alikuwa Mskoti mrefu, mkali wa mdomo na laini wa moyo. Ulaini huo alidhani ameuficha, na mji mzima ulikuwa unaujua. Selina naye alikuwa bibi afya wa kwanza kuajiriwa na halmashauri ya Thornclough, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu. Kabla ya hapo alifuma nguo Ladyclough kwa miaka kumi na minane, tangu akiwa mtoto wa miaka kumi. Hadi leo alizungumza kwa sauti ya juu kupita kiasi, kama wafumaji wote, maana masikio yao huchakaa mapema.

"Tuanze upya," alisema daktari. "Wagonjwa?"

"Watano kwa siku kumi na tisa. Wanne wako hospitali ya homa kule kilimani. Mmoja kafa."

Aliyekufa ni Dorcas Whipp, msichana wa miaka kumi na tisa. Utando wa kijivu ulimziba koo siku ya nne, na sindano ya dawa ikafika siku ya tano, imechelewa. Selina ndiye aliyeifukiza nyumba yao dawa ya kiberiti baada ya mazishi, na hakupenda kulitaja jina hilo bila sababu.

"Maziwa?"

"Wauzaji watatu tofauti. Dorcas hakuyanywa kabisa, yalimtia kichefuchefu."

"Maji?"

"Bomba la mji, wote. Na mji mzima unakunywa hayo hayo."

"Kanisa?"

"Wawili Wamethodisti, mmoja Mkatoliki, mmoja anapiga ngoma Jeshi la Wokovu, na Lily Cronshaw Jumapili analala."

"Kinachowaunganisha ni Ladyclough, basi."

"Ladyclough ina wafumaji mia moja, Daktari, na hawa watano wako pembe nne za ukumbi. Kutoka kwa Dorcas hadi kwa Lily ni kama unavuka uwanja wa mpira. Wala si marafiki. Mmoja hamsalimii mwenzake tangu mwaka juzi kwa ajili ya kofia."

Daktari alisimama dirishani. Chini barabarani watu walikuwa wakipita na masanduku ya bati ya kuazimana. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi viwanda vyote vingefungwa kwa wiki moja, na treni tatu zingewabeba watu wa Thornclough kwenda Blackpool kuitazama bahari. Wangelala wanne wanne kitanda kimoja, katika nyumba za kupangisha zilizojaa watu wa miji mingine.

"Kuna mtu anautembeza ugonjwa huu," alisema. "Pengine ni mzima wa afya na hajijui. Tusipompata kabla ya Jumamosi, tutaupeleka pwani na kuigawia Lancashire nzima. Nafikiria kuzuia safari."

"Ukiwanyima watu hawa wiki yao ya bahari, watakuchoma wewe na ofisi yako, na mimi nitawashikia kiberiti."

"Basi una leo na kesho, Bibi Afya."

*

Mtu akiingia ukumbi wa kufuma mara ya kwanza hudhani dunia inabomoka. Mitambo mia nne hupiga kwa pamoja, sakafu hutetemeka, na neno likitoka kinywani halifiki popote. Ndiyo maana wafumaji huzungumza kwa midomo tu, bila sauti, wakilinyoosha kila neno, na mwenzao aliye upande wa pili wa ukumbi husoma. Kwa njia hiyo hutukanana, huchumbiana, na hupeana habari za jirani kabla jirani mwenyewe hajazipata.

Jabez Pickup, fundi wa mitambo, alimpokea Selina mlangoni akijipangusa mafuta. Wafumaji wana hadithi mia za ujinga wa mafundi, na Jabez alizijua zote na alizisimulia mwenyewe, ili asipitwe.

"Bibi Afya," alisema, wakiwa bado kwenye kibanda chake chenye mlango wa kuzuia kelele. "Umekuja kunitia pamba kooni? Nimekula kitunguu, nakuonya."

"Nimekuja kuona daftari lako. Mfumaji akiugua, nani anashika mitambo yake?"

"Bi. Zillah Ormerod. Nani mwingine? Ndiye wa akiba."

Selina alilijua jina hilo kabla hajaulizia. Zillah Ormerod, mjane wa miaka hamsini na minane, hakuwa na mitambo yake mwenyewe. Alikaa tayari, na popote palipokosekana mtu alisimama yeye. Ndiye aliyemfundisha Selina kufuma, akimsimamisha juu ya kasha ili afikie. Jioni akitoka kazini alizunguka na sufuria ya supu kwa kila nyumba yenye mgonjwa.

Selina alipitisha kidole kwenye daftari. Dorcas aliugua Ijumaa, Zillah akashika Jumamosi. Lily aliugua Jumatatu, Zillah akashika Jumanne. Na wale watatu vivyo hivyo. Kila mara ugonjwa ulitangulia, Zillah akafuata.

"Maskini," alisema Selina. "Kila mtambo wa mgonjwa anaugusa yeye. Ni bahati hajaugua."

"Huyo haugui. Ugonjwa wenyewe unamwogopa."

"Na mtu akitoka kidogo tu, si kuugua? Akienda mahali, saa moja au mbili?"

Jabez alilifunga daftari. "Hatoki mtu. Ni marufuku. Anayetoka bila ruhusa ya ofisi anafukuzwa, na fundi aliyemwachia anafukuzwa naye. Imeandikwa pale ukutani."

Alijibu haraka mno, kwa mtu aliyezoea kulizungusha kila jibu na mzaha. Selina alifungua mlango, akaingia kwenye kelele, akasimama kama anayekagua madirisha.

Upande wa pili wa ukumbi, Ada Whipp alikuwa kazini. Alikuwa mama yake Dorcas, na mkononi alikuwa na utepe mweusi wa maombolezo ulioshonwa juu ya mkono wa gauni. Aliinua uso kumtazama mwenzake wa mtambo wa jirani, na midomo yake ikaanza kazi.

*Bibi Afya kachungulia daftari.*

*Atajua ya kushikiana mitambo?* aliuliza yule mwenzake.

*Jabez hasemi. Wewe nawe usiseme. Bi. Zillah atafukuzwa, uzee wote ule.*

*Anatutazama.*

*Mwache atazame. Miaka mitatu yuko ofisini, midomo kashasahau. Siku hizi anasoma makaratasi.*

Selina aliwapa muda wamalize. Kisha akanyoosha midomo yake, polepole, kutoka alipokuwa: *Sijasahau, Ada.*

Ada aliganda, uzi mkononi. Selina akapita katikati ya mitambo mpaka akamfikia, wakasimama uso kwa uso.

*Nani kamshikia nani?*

*Hakuna.*

*Ada. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nani?*

Ada alimtazama kwa macho mekundu ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu mazishi. *Watu wote,* alijibu. *Mtu ana jino, ana mtoto, ana msiba, anatoka kidogo. Bi. Zillah anamshikia. Hataki shukrani wala chochote. Sasa umfukuzishe kwa hilo? Yeye ndiye aliyenishikia siku niliyomzika mwanangu.*

Ushahidi ulikuwa umeanza kugeuka, na ulikuwa ukigeukia upande ambao Selina hakuutaka.

*

Zillah Ormerod alikuwa kwenye mitambo minne ya Lily Cronshaw, akienda huku na huko kwa miguu yake iliyovimba. Alipomwona Selina uso ulimchanua.

*Umekonda, mwanangu. Unakula?*

*Nakula, Bi. Zillah.*

*Mkate na chai si kula. Kesho jioni uje, nina mguu wa nguruwe.* Akatazama kushoto na kulia. *Hebu nishikie dakika moja. Nakwenda msalani. Tangu asubuhi nimejibana.*

Akaondoka kabla hajajibiwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi: huombi mara mbili, na hakuna anayekataa.

Selina aliweka mkoba wake chini, akasimama mahali pa Lily. Mikono haikuwa imesahau kitu. Mtambo wa pili ukamaliza uzi, akausimamisha, akatoa kile kipitisha-uzi, mti mdogo wenye umbo la mashua na ncha za chuma, ambao hukimbia kushoto na kulia ukiuburuta uzi nyuma yake. Alitia kibunda kipya cha uzi. Ubavuni mwa kipitisha-uzi kuna tundu dogo, na uzi lazima utokee hapo. Njia ya haraka ni moja: unaweka midomo kwenye tundu, unavuta pumzi kwa nguvu, uzi unakuja. Wafumaji husema wanakibusu. Hukibusu mara mia tatu kwa siku, na jioni hakuna anayekumbuka hata mara moja.

Mti ulikuwa umebakiza upana wa kidole kufika mdomoni mwake alipojizuia.

Alikitazama. Kando ya tundu mti ulikuwa umeng'aa na kuwa mweusi kwa mate ya miaka mingi. Kilikuwa bado na unyevu wa mdomo wa Zillah. Lily akipona na kurudi, angekibusu yeye.

Karibu wiki tatu alikuwa amewauliza watu vikombe gani walinywea, vijiko gani walilia, na nani walimbusu. Waliapa kwamba hawakushiriki mdomo na mtu. Hawakumdanganya. Hakuna mfumaji anayehesabu hilo kuwa ni mdomo, kama vile hakuna anayehesabu kupepesa macho. Daktari asingeweza kuwaza, maana hakuwahi kusimama hapa. Yeye aliyesimama hapa miaka kumi na minane hakuwaza pia, na hilo lilimuuma.

Alikifunga kipitisha-uzi ndani ya leso safi, akamwendea Jabez kibandani, akasukuma mlango kwa kisigino.

"Usinieleze ya ukutani. Nimesoma midomo ya watu. Dorcas alitoka lini kabla hajaugua? Jina lako sitaliandika."

Jabez alivua kofia. "Jumanne ile. Kwa muda wa saa mbili hivi. Alikwenda kwa mchungaji kuandikisha ndoa, na mchumba wake ana nafasi Jumanne tu. Ningemkatalia vipi?"

"Nani alishika?"

"Zillah."

"Jumanne. Akaugua Ijumaa. Siku tatu. Na Lily?"

"Ijumaa. Jino."

"Akaugua Jumatatu. Siku tatu tena." Selina alikaa juu ya kiti cha Jabez bila kuombwa. "Daftari lako linasema Zillah anakuja baada ya ugonjwa, na ni kweli. Lakini alikuja kabla pia, na hiyo haikuandikwa popote. Nani mwingine kashikiwa, mwezi huu?"

"Sijui, Selina. Haki ya Mungu sijui. Mimi hugeuka nitazame ukuta. Ajuaye ni yeye peke yake."

*

Saa sita injini ilisimama, na kimya kikauangukia ukumbi. Wafumaji walitoka uani kula. Selina alimkuta Zillah ghalani, ameketi juu ya kasha la vibunda, pai ya viazi magotini.

"Bi. Zillah, naomba majina," alisema, akifungua daftari dogo. "Wote uliowashikia mitambo tangu mwisho wa mwezi wa sita. Nijue walio hatarini."

"Hatari ya nini?"

"Ya dondakoo."

"Iliyotoka kwa nani?"

Selina aliangalia ncha ya kalamu. "Hatujui bado. Tunauliza tu, kwa jumla."

Zillah aliweka pai kando. "Nilikufundisha kufuma, mwanangu. Uongo sikukufundisha, na huna ufundi nao. Sema."

Basi Selina akasema. Alieleza tundu na midomo, na zile siku tatu. Alieleza kwamba kuna watu hupata koo bovu kidogo, likapona, na sumu ikabaki humo wasiijue, wakawa wazima kama chuma.

"Mwezi wa sita niliumwa koo," alisema Zillah. "Siku mbili. Nilisukutua kwa chumvi nikaenda kazini."

"Pengine si hilo. Pamba ndiyo itakayosema. Na hata ikisema, kosa si lako. Kila mtu humu anakibusu. Mimi mwenyewe—"

"Fungua mkoba wako."

Alipanua kinywa bila kuambiwa. Selina alipitisha pamba nyuma ya koo, kulia na kushoto, akaitumbukiza katika kichupa, akaziba, akaandika jina. Alimpenda mwanamke huyu kuliko alivyowapenda shangazi zake wa damu.

"Mji wote unakwenda baharini kesho kutwa," alisema. "Nikiwapata leo nitawapima, na atakayeonekana safi kesho jioni atapanda treni. Nisipowapata—"

"Nimeelewa. Andika. Anza na Dorcas."

"Dorcas hayuko tena, Bi. Zillah. Nataka walio hai."

"Anza na Dorcas," alisema Zillah. "Nilimshikia mara mbili. Andika zote mbili."

Selina aliandika. Majina yalikuwa kumi na manne, na Zillah aliyataja moja baada ya moja, na siku, na saa, na sababu: jino, mtoto, kesi ya mume, kubadili nguo zilizolowa mvua. La mwisho lilikuwa Ada Whipp, siku ya mazishi. Hapo alijipangusa midomo kwa nyuma ya mkono, kisha akautazama ule mkono.

"Nitawaambia mwenyewe," alisema.

"Si lazima. Nitawaita mmoja mmoja, sitataja jina la mtu."

"Na baada ya siku tatu watakuwa wamekisia, na kila mmoja atakuwa anamtazama mwenzake kama walivyomtazama Amos. Hapana. Niitie wote kabla injini haijawaka, wanisikie kwa masikio."

Wafumaji waliporudi kutoka uani walimkuta Zillah amesimama katikati ya njia, mbali nao kidogo, mikono nyuma. Jabez alikuwa amemzuia mtu wa injini. Zillah alisema kwa maneno machache. Alisema yeye ndiye, labda, na kwamba waliotajwa wakae wapimwe. Alisema Dorcas aliupata ugonjwa kwake, Jumanne ile ya kwa mchungaji. Hakuomba radhi kwa maneno. Uso ulitosha, na wengine walishindwa kuutazama.

Hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wakimngoja Ada Whipp.

Ada alikuja mbele. Alisimama akimtazama Zillah muda mrefu, na Selina akajikuta amesogea karibu, asijue angemshika yupi kama ingebidi.

"Kwa muda wa saa mbili ulimshikia?" aliuliza Ada.

"Saa mbili na kitu."

"Alirudi anacheka," alisema Ada. "Mchungaji alikosea jina la bwana harusi. Alicheka mpaka jioni, akashindwa kula. Ndiyo siku nzuri ya mwisho aliyopata." Akasogea hatua moja. "Ungemkatalia, asingeipata siku hiyo."

Ada aligeuka. Alivuta kasha kwa mguu, akaketi juu yake mbele ya Selina, akakaza utepe mweusi mkononi mwake.

"Haya, Bibi Afya," alisema, "nani wa kwanza kupimwa?" Na akapanua kinywa.